Kalamu Nyingi, Daftari Moja



Kijana mmoja wa hapa Lusu alinijia baada ya sala ya Alasiri, kwapani ana daftari nene, usoni ana majonzi. Akasema, "Maalim, daftari letu laelekea kuvunjika, na miezi mitatu halijatimiza." Nilimkaribisha barazani, akanieleza shauri lote. Kwa kuwa vijana wa miji mingine huenda wakapatwa na hayo hayo, nimeona yafaa nilijibu jambo hili katika ukurasa huu.

Mpango wao ni huu. Nyumba 6 zimeshikana kuandika pamoja. Kila mwezi nyumba moja huwa mwenyeji, naye hutaja jambo moja la kuandikiwa: kisima, harusi za zamani, mwaka wa njaa, au mgodi mkubwa wa dhahabu uliokuwa hapa kwetu mpaka ukafungwa. Kila nyumba huandika ilijualo juu ya jambo hilo, ukurasa mmoja au miwili. Mwisho wa mwezi mwenyeji huzikusanya karatasi, huzipanga, huandika maneno machache ya kuzitanguliza, kisha jamaa wote hukutana kwake zikasomwa. Mwezi ujao zamu huhamia kwa jirani. Wallahi ni mpango mzuri. Umewaketisha baba na binti juu ya karatasi moja, jambo ambalo simu zetu hazijaliweza.

Ugomvi ulizuka mwezi wa pili. Mwenyeji wa mwezi ule aliona ukurasa wa nyumba moja hauna maana, akaukata nusu. Na wa nyumba nyingine akausoma bila ya kutaja nani kauandika. Nyumba hizo mbili zikasema hazileti tena.

Basi mimi nasema kwamba waandishi hawakukosa neno. Shughuli ya namna hii husimama au huanguka kwa mtu mmoja tu, naye ni mkusanyaji.

Wala jambo hili si geni kwetu sisi tulio kando ya njia ya misafara. Mwaka 1901, mjini Göttingen katika Ujerumani, kilipigwa chapa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani Dar es Salaam kisha akafundisha Kiswahili Berlin, aliwataka Waswahili kadha wa kadha waandike, kila mmoja na aliyoyaona. Sleman bin Mwenye Tshande akaandika safari yake ya bara. Selim bin Abakari akaandika ya kwake ya Urusi na Siberia, mbali kabisa na jua letu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo akaandika khabari za Wazaramo. Jambo lilikuwa moja, macho yalikuwa mengi, na mpaka leo mwenye kutaka kujua watu wetu walivyosafiri zama zile hana budi kukirejea.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kazi ya Mtoro, na jina lililong'aa juu ya jalada lilikuwa la Velten. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Jina lake halikuwekwa juu ya jalada kuwa ndiye mwenye kitabu ila mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen huko Marekani. Hesabuni wenyewe: miaka 78! Sidhani Velten alikusudia ubaya. Mkusanyaji huanza kwa kupanga karatasi za watu, na asipojihadhari huishia kujiona kwamba ndizo zake.

Maulamaa wetu walilijua hilo tangu kale. Imam Bukhari aliipanga Sahihi yake kwa mambo: mlango wa sala, mlango wa saumu, mlango wa biashara. Imam Ahmad bin Hanbal aliipanga Musnad yake kwa Masahaba, kila Sahaba na aliyoyapokea. Njia ni mbili, na zote zafaa. Hata vijana wetu wakichoka na mambo waweza kupanga daftari kwa nyumba. Ila katika vitabu vyote viwili desturi ni kuitaja hadithi pamoja na majina ya wapokezi wake, fulani kutoka kwa fulani.

Na washairi nao walikuwa na hila yao njema. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa likichapa mashairi ya watu wa kila pembe ya nchi, huyu akiuliza na yule akijibu, hata mwaka 1946 mengine yakatolewa vitabu huko London kwa jina la Mashairi ya Mambo Leo. Desturi ya mtunzi ni kulitia jina lake ndani ya ubeti wa mwisho. Mkusanyaji akitaka kulifuta, hana budi auharibu ubeti wenyewe.

Msidhani nawalaumu wengine tu. Zamani kidogo niliwahi kuwakusanyia wanafunzi wangu wa madrasa maandiko juu ya wapagazi, yaani mababu waliochukua pembe na mitumba kwenda pwani, kabla ya gari la moshi kufika Tabora mwaka 1912. Binti mmoja aliandika maneno ya bibi yake, naye bibi aliyapokea kwa babu yake aliyekuwa mpagazi. Namna mzigo ulivyofungwa, namna ya kuutua bila ya kuumia mgongo, vyote vilitajwa kwa maneno ya Kinyamwezi nisiyoyafahamu. Nikayatoa. Nikaandika mahali pake Kiswahili laini cha kitabuni, na karatasi ya kwanza nikaitupa. Siku ya kusoma, bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Maalim, umeandika vizuri, lakini haya si maneno yangu." Nilimwahidi kwenda kumsikiliza upya. Ramadhani iliyofuata alikuwa amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nilimweleza kijana hayo yote. Tukakubaliana kwamba jina la mwandishi na la aliyemsimulia yakae juu ya kila ukurasa; mwenyeji asikate kitu bila ya kwenda kwa mwenyewe kumwuliza; karatasi ya asili isitupwe; aliyechelewa aingie mwezi ujao bila ya kusutwa. Na nakala iwekwe nyumba mbili, kwani mchwa wa huku hawachagui kitabu. Waipige picha kwa simu pia, wasiitegemee simu peke yake.

Zile nyumba mbili zimerudi. Juma lililopita yule binti, ambaye sasa ni mama wa watoto, alileta ukurasa wake. Katika maneno ya bibi yake amekumbuka matatu tu, nayo yameandikwa kama alivyoyatamka.