Njia ya Kasenga inapimwa kwa barafu

Mu soko za Lubumbashi, mama anayeuzisha samaki ya Luapula hapimi njia kwa kilometa. Anaangalia barafu: imebakia kiasi gani mu kisanduku wakati kamyo inafika? Mbele ya uhuru, wachuuzi Wagiriki wa Kasenga walifanya hesabu hiyo hiyo, wakikimbiza samaki mpaka Elisabethville kwa wafanyakazi wa migodi. Muji ulibadilisha jina, barafu ingali inayeyuka.

Leo lami inatoka Lubumbashi mpaka Kasomeno, kama kilometa 137, kwenye barabara ya taifa namba 5. Ni kazi ya mapatano ya 2008 kati ya Kongo na kampuni za Uchina: shaba yetu kwa barabara na hospitali, kupitia Sicomines. Dola bilioni 3 ziliahidiwa. Mwezi wa pili 2023, wakaguzi wa feza wa serikali, IGF, walisema: mu miaka karibu 15 zilitoka milioni 822 tu. Kumbe watu wa Kasomeno wako kati ya wenye bahati! Mwezi wa tatu 2024 mapatano yaliandikwa upya, na sasa ni milioni 324 kila mwaka, kama bei ya shaba inabakia juu ya dola 8.000 kwa tani. Ni kusema bei ikianguka kule London, daraja la huku linaweza kungojea.

Lakini kujenga njo sehemu nyepesi. Siku ya kukata utepe wakubwa wote wanafika. Ugumu unakuja nyuma, miaka inapita, mvula ya mwezi wa kumi na moja inaanza kukula pembeni ya lami na mifereji imejaa udongo. Hakuna utepe wa kukata kwa kuzibua mfereji. Kwa kazi hiyo inchi iliunda FONER mu 2008, mfuko unaokula kwa mafuta ya gari na kwa peaji. Shofere analipa kwenye pompi, analipa tena kwenye kizuizi. Anayetaka kujua kama barabara zinasimamiwa vizuri aanzie hapo: peaji hii iliingiza ngapi mwezi huu, na kilometa gani ilitengenezwa?

Swali hilo linahusu Kasenga zaidi, kwa sababu mradi mwingine uko njiani: barabara ya kilometa 182 kutoka Kasomeno, inapita Kasenga, inavuka Luapula kwa daraja mpya na kufika Mwenda, Zambia. Ni ya GED Africa, ya wajenzi wa Hungaria, na itarudisha feza yake kwa peaji. Kuna uzuri ndani: anayepokea makuta njo huyo huyo anayepaswa kuziba shimo, hawezi kumusukumia mwingine. Ila bei imehesabiwa kwa kamyo za shaba zinazokimbilia bandari. Kamyonete ya samaki itapita kwa bei gani? Na mutu wa kinga mwenye gunia ya makala? Watu wa Kasenga waulize sasa, mbele kizuizi hakijashuka, na jibu liandikwe mu mapatano.