Fulana Hazikutuenea, Lakini Tulimaliza



Siku moja kabla ya mbio tulikwenda kuchukua namba na fulana zetu. Kijana aliyekuwa akigawa akatupa kubwa kuliko zote, na bado zikatukwama kifuani. "Mama zangu, kubwa zaidi ya hizo hamna," akatwambia, wala hakusema kwa ubaya. Tulikuwa watatu, sote washoni wa duka moja hapa Unguja, na kila mmoja wetu alikuwa akingoja mwenzake aseme basi, turudi nyumbani.

Tulirudi dukani. Tukazifumua fulana ubavuni, tukatia pande la kitambaa cheusi kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, tukazipitisha cherehani. Asubuhi tukazivaa juu ya kanzu fupi za mikono mirefu na suruali pana, mitandio tumeibana vizuri, tukaenda kukimbia.

Zilikuwa kilomita 5, na tulitumia saa moja na dakika 4. Tulikuwa wa mwisho kabisa. Gari la wagonjwa lilitufuata nyuma polepole njia nzima, na vijana wa vespa walitupigia kelele kuwa tutaanguka. Tulipofika, walikuwa washaanza kukunja utepe. Wakaukunjua tena, tukapita. Mmoja wetu alilia, na hakulia kwa maumivu. Tangu skuli alikuwa akikaa pembeni kushika mikoba ya wenzake wakicheza.

Tunayasema haya kwa sababu tumechoka kusikia neno moja dukani kwetu: "Nikipungua." Nikipungua nitashona gauni zuri. Nikipungua nitaanza mazoezi. Nikipungua nitapiga picha. Tunaona wanawake wanaahirisha maisha yao wakingoja mwili ambao haujafika.

Wanaoumia zaidi ni mabibi harusi. Mwaka huu alikuja binti tumpimie gauni lake, akatutaka tupunguze inchi 4 kiunoni kuliko futi lilivyosema, eti mpaka siku ya harusi atakuwa keshakonda. Alipokuja kujaribu, alikuwa na wiki kadhaa anakunywa chai kavu na kula tango. Alisimama mbele ya kioo, akayumba, tukamdaka. Gauni lilifungika, lakini bi harusi mwenyewe hakuwa na nguvu ya kusimama ndani yake. Siku ile tulijilaumu, maana sisi ndio tuliokubali kukata kwa kipimo cha uongo.

Nguo hushonwa kwa mtu, mtu hashonwi kwa nguo. Mwanangu unayeolewa, pimwa kama ulivyo leo, kisha mwambie fundi aache akiba kwenye mishono ya ubavuni. Ukipungua, kuibana ni kazi ya saa moja. Kukiwa hakuna akiba, hapo ndipo machozi yanapoanza.

Hatusemi unene hauna madhara. Sukari na presha tunazijua, zimo majumbani mwetu na zimeshatuondolea mama na mashangazi. Tunachosema ni kuwa mazoezi si zawadi ya waliokwisha kukonda. Sisi wanene ndio tunaoyahitaji, basi kwa nini tungoje?

Wako wanaotwambia mwanamke mzito kukimbia ni kujidhalilisha. Hao tunawakumbusha Bibi Aisha, Allah amridhie. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, wakashindana tena, na safari hii Mtume ndiye aliyeshinda, akamtania kuwa hii ni kwa ile. Tizameni hapo: alikuwa kaongezeka mwili, na bado alikimbia. Hakuambiwa apungue kwanza, wala hakuchekwa kwa unene wake. Mume na mke walifurahi pamoja. Kina baba mnaotusoma kwenye simu za wake zenu, na nyinyi mna somo lenu hapo.

Ni kweli pia kwamba yamepokewa maelezo kuwa masahaba walitakiwa watangulie kwanza, ndipo wakashindana. Kwa hivyo dada anayeona barabara ya watu wengi haimfai, tunamheshimu. Atembee na wenzake alfajiri, au azunguke uani kwake. Sitara haizuii miguu kwenda.

Mkitaka kujua tulianzaje, tulianza kwa kupima presha na sukari kituo cha afya, na daktari akatwambia tutembee kwanza. Baada ya sala ya alfajiri tukawa tunakwenda Maisara mara tatu kwa wiki, tunatembea dakika tatu, tunakimbia moja. Tulichukua miezi minne mpaka kukimbia kukazidi kutembea. Mapaja yalituchubuka mwanzo, mpaka tukajifunza kupaka mafuta ya mgando na kuvaa taiti ndefu ndani. Msikimbie na dera, linashika upepo na kuzonga miguu. Sidiria iwe ya kukaza, na viatu viwe vya mazoezi hasa, kwani magoti yetu yanabeba mengi.

Je, tumekonda? Mmoja wetu kapungua inchi 2 kiunoni, mwengine moja, wa tatu futi halikubadilika hata kidogo. Lakini huyo wa tatu sasa anasali tarawehe zote kwa kusimama, na mwaka juzi alikuwa akisalia kwenye kiti. Kwetu sisi hilo ni kubwa kuliko kiuno.

Mwili ni amana, na una haki juu yetu. Haki hiyo hautudai siku tutakayokuwa wembamba, unatudai leo. Fulana zile tunazo bado, zimetundikwa dukani pande zake nyeusi zikionekana. Bi harusi akija akisema "nikipungua," tunamwonesha.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya na mwisho mwema. Amin.