Mzazi Aelezwe Dawa Inafanya Nini

Mtoto anapotibiwa saratani, au kansa kama wengi wanavyoiita, hufika wiki ambayo wazazi huingiwa na hofu kubwa. Uvimbe wa taya umeanza kunywea, lakini mtoto analalamika ganzi miguuni, choo kimefunga, nywele zinanyonyoka. Ndipo ushauri wa kila namna humiminika: "Dawa inamwua, mrudisheni nyumbani." Maoni yetu ni kwamba wazazi wengi wangevuka wiki hiyo kwa moyo thabiti kama wangeelezwa mapema dawa ile inafanya nini mwilini. Wala jambo hilo si gumu kuelezeka.

Tuanze na seli, yaani chembe hai ambazo mwili umejengwa kwazo. Seli si kifuko cha maji tu. Ndani yake mna kiunzi cha nyuzi za protini, mfano wa fito za nyumba ya udongo. Baadhi ya nyuzi hizo ni vibomba vyembamba mno: ukipanga 40,000 ubavu kwa ubavu, ndipo hutimia milimita moja. Vibomba hivyo hujengwa kwa matofali ya protini iitwayo tubulini, na seli huvijenga na kuvibomoa kila inapohitaji.

Vibomba hivyo pia ni reli, na juu yake hutembea protini nyingine ambazo ni wachukuzi. Mwaka 1985 Ronald Vale na wenzake, wakichunguza mishipa ya fahamu ya ngisi huko Woods Hole, Marekani, walimtambua mchukuzi mmoja wakamwita kinesini. Huyo hupiga hatua moja baada ya nyingine akiwa na mzigo wake, kama mtu mwenye miguu miwili.

Reli hizo zina kazi mbili zinazotuhusu leo. Kwanza, seli inapogawanyika kuwa mbili, ndizo zinazovuta na kugawa sawasawa vinasaba vya urithi. Pili, katika mishipa ya fahamu hupitisha shehena kutoka karibu na uti wa mgongo hadi vidole vya miguu, safari ambayo kwa mtu mzima hufika kama mita moja.

Sasa tuje kwenye dawa. Mwaka 1958, huko Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alichapisha habari za uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka huohuo, nchini Kanada, Robert Noble na Charles Beer walitangaza dawa ya vinblastini, waliyoipata katika mmea wa Madagaska wenye maua madogo ya waridi au meupe, ambao wengi wetu huupanda uani kwa urembo. Walikuwa wameanza kwa kutafuta dawa ya kisukari. Ndugu yake, vinkristini, ilifuata, na tangu miaka ya 1960 imesaidia kuponya watoto wengi ikitumika pamoja na dawa nyingine.

Mwaka 1998 Eva Nogales, Sharon Wolf na Kenneth Downing, huko Berkeley, Marekani, walionyesha umbo la tubulini kwa darubini ya elektroni. Mwaka 2005 wanasayansi wa Ufaransa na wenzao walionyesha jinsi vinblastini inavyojipachika kama kabari kati ya tofali na tofali. Vinkristini nayo hushika hapohapo. Reli haijengeki tena. Seli ya saratani inayotaka kugawanyika hukwama, kisha hufa. Saratani ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na haraka hiyo ndiyo inayoiponza mbele ya dawa hii.

Lakini kabari haichagui. Mashina ya nywele nayo hugawanyika upesi, kwa hiyo nywele hunyonyoka. Katika mishipa ya fahamu shehena hukwama njiani, na mishipa mirefu, ile ya miguu na mikono, huumia mapema. Ile ya utumbo ikiguswa, choo hufunga. Basi ganzi hiyo si uchawi, wala si dalili kwamba saratani imeshinda.

Wapo watakaosema mzazi wa kijijini hana haja ya kujua habari za tubulini. Sisi hatukubali. Anayejua reli ni nini na kabari ni nini amekwisha kuelewa nusu ya somo. Tunaomba wauguzi na madaktari watenge dakika kumi kabla ya sindano ya kwanza, nao wazazi wasione haya kuuliza.

Mtoto akipata ganzi, akiburuta mguu au akikosa choo, mwambieni daktari. Anaweza kupunguza kipimo au kutoa dawa ya kulainisha choo. Msinunue dawa nyingine bila kuuliza, kwani baadhi ya dawa za fangasi huongeza ukali wa vinkristini. Msichemshe mmea ule wa uani: una sumu, na hakuna awezaye kupima kiasi chake katika sufuria. Na taya la mtoto likivimba na kukua kwa siku chache huku meno yakilegea, msiishie kung'oa jino; nendeni hospitali.

Nasi wanajumuiya tuna sehemu yetu: kuchangia nauli, na kuwatunza watoto waliobaki nyumbani, ili tarehe ya sindano isipite. Ganzi kwa wengi hupungua polepole baada ya matibabu, hata kama itachukua miezi. Saratani iliyokatiziwa dawa haingoji.