RAV4 ya kuchomeka ku umeme: kobalti ya Kolwezi iko ndani kiasi gani?

Ku Kolwezi, RAV4 haiko motokari ya kigeni. Iko ku parkingi ya kanisa, iko ku soko, iko ku njia ya Likasi na muzigo juu ya paa. Nyingi ni za okazyo, zinaingilia Kasumbalesa, na kila fundi wa garaji anajua motere yake. Lakini tangu mwaka 2020 Toyota inauza RAV4 ingine, yenye kamba ya kuchomeka ku prizi ya umeme, na ile njo inagusa Lualaba kwa upande ambao fundi haone akifungua kapo. Ndani ya batri yake muko kobalti. Na tangu tarehe 22 Februari 2025, kobalti njo kitu ambacho serikali ya Kongo na viwanda vya dunia wanavutana.

Siku ile, ARECOMS, mamlaka inayosimamia masoko ya madini ya kimkakati, ilifunga njia ya kutosha kobalti inje ya inchi. Bei ilikuwa imeanguka sana, karibu dola 21 000 kwa tani, juu inchi ilikuwa inatosha nyingi kuliko soko inavyoweza kumeza. Miezi 4 ya kwanza ikaongezwa na mingine 3. Kisha, kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025, wakaleta kota: tani 18 125 kwa mwisho wa mwaka ule, na tani 96 600 kwa mwaka 2026, hivyo hivyo kwa mwaka 2027. Mwaka 2024 Kongo ilichimba karibu tani 220 000. Maana yake, kinachoruhusiwa kutoka sasa hakifike nusu.

Bei ikapanda, ikapita mara mbili. Kwa upande ule serikali ilipata ilichotaka. Lakini swali linabaki: mwenye kutengeneza motokari akiona bei hii, atalipa ao atatafuta njia ingine? Jibu haliko Kinshasa. Liko ndani ya jipu yenyewe, na inafaa kuifungua kipande kwa kipande.

Motere ya esanse ni ya silinda 4, lita 2,5, ya namna inayoitwa Atkinson. Ndani yake, vali ya kuingiza hewa inachelewa kufunga. Pistoni inapoanza kupanda, hewa kidogo inarudi kule ilikotoka, mbele ya ingine kubanwa. Matokeo: mulipuko unapata nafasi ndefu ya kusukuma kuliko nafasi ya kubana, na kila tone la esanse linafanya kazi zaidi. Lakini motere ya namna hii iko zaifu kidogo, sana sana motokari ikitoka kusimama. Pale njo motere ya umeme inaingia. Yenyewe haingojee mizunguko ipande. Inatoa nguvu yake tangu gurudumu linapoanza kuzunguka.

Mbele kuna motere ya umeme ya kilowati 134. Kwa RAV4 hibridi ya kawaida, ile isiyochomekwa, ya mbele ni kilowati 88 tu. Nyuma kuna ingine ndogo, kilowati 40. Mutu akijumlisha na motere ya esanse, kwa hesabu ya Ulaya anapata farasi 185, 182 na 54, jumla 421. Lakini Toyota inatangaza farasi 306. Hakuna uwongo pale. Umeme wote unatoka ku batri moja, na batri ile haiwezi kulisha motere zake zote mbili mpaka mwisho kwa wakati mumoja. Ni sawa na tanki ya maji yenye robine mbili kubwa na bomba moja jembamba: kufungua robine zote hakuongeze maji.

Hata hivyo farasi 306 ni nyingi. Jipu hii ya familia, yenye uzito wa karibu kilo 1 900, inatoka kusimama mpaka kilometa 100 kwa saa ndani ya sekunde 6. Hibridi ya kawaida ya magurudumu 4 inachukua sekunde 8,1. Hakuna bwati ya vitesi kama ile fundi anayojua. Kuna gia za kuzungukana, kubwa na ndogo, zinazogawanya nguvu ya motere ya esanse kati ya magurudumu na jenereta. Na hakuna mti wa chuma unaotoka mbele mpaka nyuma. Gurudumu za nyuma zinapata nguvu kwa waya tu. Ku njia ya lami na mvua, inasaidia sana. Lakini mwenye kufikiri kwamba ni Land Cruiser, na matope ya njia za vijiji wakati wa mvua, ajue: nyuma kuna kilowati 40, na kitesi kifupi cha kutokea ndani ya matope hakuna.

Upande wa umeme peke yake, vipimo vya Ulaya vinaipa kilometa 75, vya Marekani kilometa 68. Inatosha kwa mutu anayezunguka muji na kurudi nyumbani. Kufika Likasi, hapana. Batri ikiisha inaendelea na esanse kama hibridi ingine yoyote, ila pale njo uzito unajilipisha: vipimo vya Marekani, vikigeuzwa, vinatoa karibu lita 6,2 kwa kilometa 100, na hibridi isiyochomekwa karibu 5,9. Yaani mutu asiyechomeka anabeba batri nzito bure, na anakula esanse kidogo zaidi kuliko jirani aliyenunua ya bei ya chini.

Jambo hili si la Toyota peke yake. Ku makaratasi ya Ulaya, RAV4 hii inakunywa lita moja tu kwa kilometa 100. Hesabu ile inadhani mwenye motokari anachomeka karibu kila siku. Mwezi wa Machi 2024 Komisheni ya Ulaya ilitoa vipimo vilivyochukuliwa ndani ya motokari zenyewe zikiwa ku njia: hibridi za kuchomeka, za viwanda vyote pamoja, zinatoa moshi wa kaboni mara 3 na nusu kuliko inavyoandikwa ku makaratasi. Watu hawachomeke. Wengi wanapewa motokari na kazi yao, esanse inalipwa na kampuni, kamba inabaki ndani ya kofa na plastiki yake.

Sasa batri. Inabeba kilowati-saa 18,1, karibu mara 11 kuliko ile ya RAV4 hibridi ya kawaida. Ndani muko seli 96 zilizofungwa moja nyuma ya ingine, na nguvu ya umeme yao pamoja ni volti 355,2. Mutu akigawanya, kila seli inatoa volti 3,7. Namba hii ndogo inasema mengi. Seli ya chuma na fosfati, ile wanaita LFP, inatoa volti 3,2. Volti 3,7 ni alama ya familia ya nikeli na kobalti. Kwa ukubwa huu, muchanganyiko wenye sehemu 6 za nikeli, 2 za manganezi na 2 za kobalti unahitaji karibu kilo 3 na nusu za kobalti. Muchanganyiko mupya zaidi, 8-1-1, haufike kilo 2.

Inafaa kuangalia ile kilo 3 na nusu kwa feza. Wakati bei iko chini, Februari 2025, ilikuwa karibu dola 75. Kwa bei ya mwisho wa mwaka ule, karibu dola 48 000 kwa tani, inakuwa karibu dola 170. Motokari yenyewe ilianza kuuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 38 000. Kwa hiyo hata kota ya Kongo ikipandisha bei mara mbili, munuzi wa kule hawezi kusikia kitu ku mufuko.

Na Lualaba? Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwaka 2018, na mrabaha wake ni asilimia 10. Juu ya dola 170, ni dola 17. Kodi ya madini inagawa hivi: nusu kwa serikali ya Kinshasa, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa komune ao sekta ambamo mugodi uko, 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Jimbo linapata dola 4 na kitu. Komune inapata dola 2 na nusu, kwa jipu moja. Na hesabu hii ni ya upole, juu inchi haiuze kobalti safi ila hidroksidi, unga unaoenda kusafishwa sana sana China, na bei yake iko chini.

Mutu anaweza kusema: basi bei ipande tena. Hapa njo motokari ya China inaingia ku mazungumzo. BYD inauza Ulaya jipu inayoitwa Seal U DM-i, ambayo kwa masoko mengine iko na jina la Sealion 6. Batri yake ni kilowati-saa 18,3, karibu sawasawa na ya RAV4. Lakini ni ya LFP. Kobalti: sifuri. Nikeli: sifuri. Mwenye kufikiri kwamba inatembea polepole juu ya ile, aangalie: yenye magurudumu 4 iko na farasi 324 na inafika kilometa 100 kwa saa ndani ya sekunde 5,9. Ile ya magurudumu 2, ya bei ya chini, inachukua 8,9. LFP iko nzito zaidi kwa umeme uleule na haipende baridi kali. BYD ya magurudumu 4 inapita kilo 2 000. Lakini iko bei ya chini, haishike moto kwa urahisi, na inavumilia kujazwa na kumalizwa mara nyingi.

Mwaka 2024, LFP ilifika karibu nusu ya soko la batri za motokari duniani, na ndani ya China karibu robo tatu. Hii haikuanza na kota. Mwaka 2018 kobalti ilipita dola 90 000 kwa tani, na wakati ule viwanda vingi vilianza mbio ya kuipunguza. Serikali inaweza kufunga mupaka wa Kasumbalesa. Haiwezi kufunga mukono wa enjinia anayechagua muchanganyiko wa seli. Kota ilikuwa na haki yake, juu kuuza hazina kwa bei ya mabaki hakukuwa na maana, lakini ina wakati wake.

Kinachosaidia Lualaba ni shaba. Hibridi ya kuchomeka inabeba karibu kilo 60 za shaba, motokari ya esanse karibu 23, na hata BYD isiyo na kobalti haiwezi kuikwepa. Shida ni kwamba hapa kobalti inatoka ndani ya jiwe moja na shaba. Migodi haitaacha kuchimba shaba eti kota ya kobalti imeisha. Basi kobalti itaendelea kurundikana ndani ya depo, na siku kota itafunguliwa soko litajua kwamba muzigo uko unangoja.

Motokari hizi zitafika Kolwezi siku moja, za okazyo, kama zingine zilivyofika. Kujaza batri ya RAV4 hii ku prizi ya kawaida kunaomba masaa 7 na nusu ya umeme usiokatika. Waya kubwa ya Inga–Kolwezi, ya kilometa karibu 1 700, inapita juu ya vijiji visivyo na balbu ili kulisha migodi, na ndani ya muji wenyewe, ku mitaa mingi delestaje njo inaamua saa ya kupiga pasi. Kujaza kwa grupu ya esanse kungekuwa kuchoma mafuta mara mbili.

Kwa mafundi, jambo moja halingojee kota. Waya za rangi ya machungwa chini ya jipu hizi zinabeba zaidi ya volti 300, na umeme wa namna ile unaua hata kama motere imezimwa na funguo iko mufukoni. Mbele ya kugusa, kuna plagi ya usalama ya kutosha ku batri, kisha kungoja dakika kama 10, na ganti za umeme ku mikono. Gari ya mafuriko ao ya ajali yenye waya hizi haifunguliwe barabarani.