Ukuta Uliolowa ni Jambo la Chama



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, mizani ya majani na mikataba. Leo naomba ruhusa niseme juu ya uvundo wa nyumba. Mwenye kucheka acheke kwanza amalize, maana jambo lenyewe linatugusa sisi sote tunaoishi kati ya Nyundo na ziwa.

Mwaka juzi bomba lilivuja nyuma ya ukuta wa chumba ninachopanga. Maji hayakuwa mengi. Fundi alikuja, akaziba, akaenda zake. Baada ya juma moja harufu ikaanza. Nilidhani panya amekufa darini, nikapanda na tochi, sikuona kitu. Kisha nikamlaumu mke wangu kwamba hafui mashuka. Akafua mashuka, akafua mapazia, akapiga deki kwa sabuni asubuhi na jioni, na harufu ikabaki pale pale. Mwenye nyumba tulipomweleza alileta rangi, akapaka ukuta mzima ukang'aa. Miezi miwili haikupita rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua, ikabanduka, na nyuma yake tukaona ukungu mweusi. Wakati huo wote mtoto wetu mdogo alikuwa akikohoa kila usiku. Nayasema haya kwa sababu nilimkosea mke wangu, na najua si mimi peke yangu niliyefanya hivyo.

Ieleweke basi kwamba harufu ile si uchafu wa mtu. Ni dalili ya maji ambayo bado yamo ukutani. Ukungu huota juu ya mbao, karatasi, nguo, hata udongo wenye mabua, na huweza kuanza siku moja au mbili tu baada ya kitu kulowa. Ukifukiza udi au ukipaka rangi umeufunika, hujauondoa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu majumbani, likaeleza kwamba wakaao katika nyumba za namna hiyo hupatwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Kwa hiyo mtoto wangu hakuwa amerogwa.

Kwetu hapa jambo hili lina historia yake. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na matetemeko ya siku zilizofuata yakapasua nyumba nyingi za Rubavu. Ufa ulioachwa wazi, au ulioziwa kwa kiganja kimoja cha simenti, ni mlango wa mvua kila masika. Halafu usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika. Katika mafuriko na maporomoko ya usiku ule watu zaidi ya 130 walikufa nchini, hasa Magharibi na Kaskazini, na wilaya yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Nyumba za rukarakara zililainika miguuni zikaanguka. Wale ambao kuta zao zilibaki wima walizoa tope, wakashukuru Mungu, wakalala humo humo. Tope lilitoka, lakini maji yaliyonywewa na ukuta hayakutoka siku ile.

Sasa, nani ajuaye kukausha kuliko sisi? Mwenzetu wa kiwanda cha chai anajua kwamba majani mabichi hayatupwi motoni yanapofika. Hutandazwa juu ya wavu mrefu, feni zikayapulizia hewa kwa saa nyingi yanyauke. Baadaye ndipo yakatwe, yachachuke, kisha yakaushwe mpaka unyevu ubaki kama asilimia tatu tu. Chai iliyofungwa na unyevu huota ukungu, na mnunuzi huikataa kwa kunusa. Ukuta ni vivyo hivyo: hukaushwa na hewa inayopita. Ziba kwanza panapovuja, la sivyo kazi yote ni bure. Sogeza kitanda na kabati mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja. Fungua mlango na dirisha vinavyotazamana wakati wa jua, ufunge jioni umande unaposhuka. Lipu iliyovimba ikwanguliwe, ukuta uachwe upumue kwa majuma kadhaa. Godoro la sponji lililonywa maji ya mto litupwe, ingawa inauma, maana maji yale yamepitia vyooni. Lililolowa maji safi ya bomba laweza kuokolewa likianikwa siku ile ile.

Wapo wanaowasha mbabula ya mkaa chumbani na kufunga milango ili ukuta ukauke upesi. Tafadhalini, ndugu zangu. Sisi wa ukingo wa Kivu tunayajua mazuku, hewa nzito isiyo na harufu inayolala mabondeni na kuua mbuzi hata watu. Hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa ni ya aina nyingine, lakini nayo huua kimya kimya. Na jiki ya kufutia ukungu isichanganywe na dawa nyingine ya choo.

Mafundi watanikasirikia kwa hili: ukuta wa rukarakara uliolowa ukipigwa lipu ya simenti nje na ndani, maji yamefungiwa gerezani. Lipu ya udongo au ya chokaa huyaacha yatoke polepole. Mwenye nyumba hupenda simenti kwa kuwa yaonekana ngumu, na kodi hupanda siku inapokauka.

Lakini ukweli ni kwamba kujua peke yake hakutoshi. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Siku ya kubaki nyumbani kuanika ni siku isiyo na kilo. Basi mama huondoka alfajiri, nyumba hupigwa kufuli, madirisha hufungwa kwa kuogopa wezi, na jioni akirudi hewa ya ndani ni ile ile ya jana. Nyumba zetu hazikauki kwa sababu mchana hakuna mtu wa kuzifungua. Hapo ndipo uvundo unapoacha kuwa shauri la jikoni na kuwa shauri la kazi.

Tumezoea kuomba ruhusa kwa ajili ya ndoa, uzazi na msiba. Mimi napendekeza matawi yetu yaweke mezani, mkataba wa pamoja utakapojadiliwa tena, siku tatu zenye malipo kwa mfanyakazi ambaye nyumba yake imeingiliwa na maji, akiwa na ushahidi wa mkuu wa mudugudu. Ataambiwa mjumbe wetu kwamba nyumba ni mambo binafsi ya mtu. Na ajibu kwamba Mkataba Namba 110 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, una sehemu nzima juu ya makazi ya wafanyakazi; na kwamba kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au fedha za kutosha kulipia kodi. Hao hawakuona kuwa nyumba ni mambo binafsi.

Tukingoja hayo, tusikae bure. Wa zamu ya usiku kiwandani, akiisha kulala kidogo, aweza kumfungulia jirani aliye shambani dirisha na kumlindia mlango. Naye jirani atalipa siku yake ikifika. Na mpangaji aandike tarehe maji yalipovuja, mbele ya shahidi, kabla rangi haijaletwa.

Ukuta wangu ulikauka baada ya majuma saba, na kikohozi cha mtoto kikapungua. Mke wangu ndiye aliyebaki nyumbani siku nne za kwanza, dirisha likiwa wazi. Katika daftari la mizani, mbele ya jina lake, siku hizo nne zimeandikwa sifuri.