Muwa Mtamu, Udongo Mchungu

Mtaniuliza, mtu wa Kariandusi ana habari gani na miwa? Huku kwetu muwa tunauona sokoni Gilgil tu, tukautafuna tukienda nyumbani. Ngojeni kidogo.

Babu yangu mzaa mama yuko upande wa Mumias. Kiwanda cha huko kilianza kusaga mwaka wa 1973, na shamba la babu limekuwa na miwa tangu mama akiwa mtoto. Muwa hupandwa mara moja. Ukikatwa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, shina linachipua tena, unakatwa tena, na tena. Hakuna kupumzisha shamba. Majani makavu wanayachoma ili wakataji wapite, basi kile ambacho kingeoza kiwe mbolea kinapaa na moshi. Trekta nazo hushindilia udongo hata wakati wa mvua, mpaka jembe linagonga ngu! kama limegonga barabara.

Lakini baya zaidi halionekani kwa macho. Mbolea kama DAP na yurea huleta amonia. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa naitreti, na katika kugeuzwa huko asidi hubaki. Mwaka mmoja si kitu, lakini miaka thelathini je? Asidi ikizidi, fosforasi hukamatwa na chuma na alumini, mizizi isiipate. Mkulima akiona mmea umedumaa anaongeza DAP ile ile!

Sasa turudi nyumbani. Sisi hapa tunapanda mahindi juu ya mahindi, DAP kila msimu, na mabua yote tunawapa ng'ombe. Tofauti yetu na babu iko wapi? Mimi siioni. Wanaokodi shamba kwa msimu mmoja ndio hatari zaidi, maana nani atamwaga samadi katika shamba ambalo mwakani ni la mwingine? Hata hivyo siwalaumu sana. Namlaumu mwenye shamba anayekodisha bila sharti lolote.

Katika mjadala wetu, mwenzetu mmoja alisema dawa ni chokaa, na chokaa tunayo tele, tuteremke tu mgodini hapa Kariandusi. Tukampigia makofi. Kumbe wapi! Ule udongo mweupe ni diatomaiti, yaani magamba ya mwani mdogo sana wa ziwa la kale, na magamba hayo ni silika. Hayapunguzi asidi. Chokaa yenyewe huchimbwa Koru, karibu na Muhoroni, huko huko kwenye miwa.

Kwa maoni yangu udongo upimwe kwanza, kisha mahindi yapokezane na maharagwe. Nilimwambia baba hivyo. Alicheka, akasema mtoto wa kidato cha tatu asimfundishe kulima. Lakini juzi alinionyesha kipande kilicho nyuma ya zizi, akasema nipande maharagwe yangu mvua ya Machi ikianza, tuone.