Kizuri Kula na Nduguyo

Ndugu wasomaji, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni kuazimana vitabu vya hadithi. Nasema vitabu vya hadithi, wala si vitabu vya masomo, kwa maana hivi vya masomo vina walinzi wengi: mwalimu huvidai, mtihani huvidai, na mzazi huuliza habari zake. Riwaya haina wa kuidai ila msomaji aliyeipenda.

Maoni yangu ni haya. Kitabu kizuri ni cha kupitishwa mkono kwa mkono, na mtu afaaye zaidi kukipitisha ni mwanafunzi mwenzio aliyekipenda. Tukikifungia kabatini ili kisipotee, tumekwisha kukipoteza. Sisemi haya ili kuwafundisha wengine tu, bali kwa sababu kosa hilo nimelitenda mimi mwenyewe.

Mwaka jana nilikuwa kiranja wa maktaba. Nilikabidhiwa kabati moja la mbao, kufuli, na ufunguo. Katika muhula wa kwanza vilipotea vitabu vitano, nami niliona haya sana mbele ya mwalimu. Basi nikalifunga kabati. Mtu akitaka riwaya nilimwambia aisome pale pale, mbele ya macho yangu, kisha airudishe kabla kengele haijalia. Wengi walichoka wakaacha kuja. Mwisho wa mwaka nilihesabu, nikaona hakikupungua hata kimoja tena, nikajiona mlinzi hodari kabisa. Lakini nilipovitoa vitabu vya safu ya chini ili nivipanguse vumbi, nilikuta mchwa wameingia kwa nyuma, na vitabu vinne vimebaki majalada matupu. Wahenga walisema akiba haiozi. Pengine hawakupata kuona kabati la vitabu lililofungwa.

Sasa nirudi kwenye vile vitano vilivyopotea. Kimoja kilikuwa Siri ya Sifuri, cha marehemu Muhammed Said Abdulla, na wapenzi wa Bwana Msa wajua uchungu wa jambo hilo. Kwa wasiojua, nitaeleza kwa ufupi. Mwandishi huyu alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, na kwa miaka mingi alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Hadithi yake ya kwanza ndefu, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1960. Baada yake vikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Katika vingi vya hivyo tunakutana na mpelelezi yule yule, Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Kila kitabu kina kisa chake kamili, lakini aliyesoma kimoja hatulii mpaka apate cha pili. Kwa hiyo kimoja kikikosekana, msomaji husimama kama msafiri aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa na maji.

Mtu wa mwisho kuandikwa kwamba amekichukua Siri ya Sifuri alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, wa kutwa. Nilimdai mara tatu, na mara zote tatu alinijibu, "Kesho, kaka." Mwishowe nilimtia katika orodha ya wasioaminika, nikamnyima vitabu mpaka mwaka ukaisha.

Mwezi wa Januari mwaka huu alinijia, akaniamkia, kisha akatoa kitabu kilichofungwa vizuri kwa karatasi ya gazeti. Jalada lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi. Nikamwuliza, "Kilikuwa wapi siku zote hizo?" Akanieleza. Alikisoma yeye kwanza. Kisha akakisoma dada yake, ambaye aliachia masomo Darasa la Saba. Mama yao, ambaye huuza chapati tangu alfajiri, alisikia wakicheka na kubishana, akataka asomewe na yeye. Basi wakawa wanamsomea kila usiku, na majirani wawili wakaja kusikiliza. Walipomaliza, jirani mmoja akakiomba akawasomee watu wa nyumbani kwake, na huko kikachukuliwa na mwingine. Yule kijana alikwenda nyumba hata nyumba akikitafuta. Aliona aibu kuniambia kwamba hakiko mkononi mwake, akaona heri aseme kesho. Aliyekishona ni mama yake.

Nilimtaka anihesabie waliokisoma na waliosomewa. Akahesabu kwa vidole hata akafika watu tisa. Kisha akaniuliza, "Kaka, je, kipo kingine cha Bwana Msa? Mama anauliza." Kilikuwapo kimoja, Mwana wa Yungi Hulewa. Lakini hicho kilikuwa miongoni mwa vile vinne vilivyoliwa na mchwa.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimejiuliza: kitabu kilichopotea ni kipi? Je, ni kile kilichotoka kikasomwa na watu tisa, au ni kile kilichokaa salama chini ya kufuli yangu?

Najua yako mambo ambayo baadhi ya walimu na wazazi watayasema, na ni haki yao. Watasema kwanza kwamba riwaya za upelelezi hupoteza wakati wa mtihani. Nakubali kwamba mtu anayesoma riwaya chini ya dawati wakati wa hesabu anajidhuru. Lakini tazameni na upande wa pili. Sisi tuliokulia bara tumepata katika vitabu vya Bwana Msa maneno mengi ya Kiunguja ambayo hatukuwa tukiyajua, tena tumeyapata bila ya kuyakariri. Zaidi ya hayo, mlango mdogo huingiza nyumba kubwa. Rafiki yangu mmoja alianza na Mzimu wa Watu wa Kale kwa sababu ya mauaji, akaendelea mpaka akafika Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Kumbe humo nako kuna kesi! Karama ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme na baraza lake. Rafiki yangu alikisoma kwa hamu ile ile. Kama angeanza kwa kulazimishwa, sidhani kwamba angefika mbali.

Jambo la pili watakalosema ni kwamba vitabu vingine vina mambo yasiyowafaa vijana. Hapa napenda kukumbusha habari za Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Kilileta ubishi mwingi hata kikakatazwa mashuleni kwa muda, na baadaye kikaja kusomwa na kufundishwa. Mimi naona kitabu kinachopitishwa kwa siri, chini ya mito ya kulalia, husomwa vibaya, kwa maana msomaji hutafuta kurasa mbili tatu tu, asipate wa kumwuliza. Kitabu kinachopitishwa wazi huzungumzwa, na mwalimu mwenye busara aweza kuingia katika mazungumzo hayo.

La tatu watasema vitabu vitapotea. Ndiyo, vingine vitapotea, lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na dawa yake ni daftari, wala si kufuli. Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, kabati liwe wazi kila siku baada ya masomo, na kila mtu aruhusiwe kuchukua riwaya moja kwa siku 14. Akitaka muda zaidi aje aseme kweli, wala asigombezwe.

Pili, katika daftari, mbele ya jina la msomaji, paachwe nafasi ya sentensi moja tu ya kueleza kwa nini mwenzake akisome kitabu hicho. Sentensi ya mwanafunzi mwenzio huvuta kuliko amri. Tena iwe mwiko kutaja mwisho wa hadithi. Mimi niliharibiwa Kisima cha Giningi na mwenzangu wa bweni aliyenitajia mkosaji nikiwa ukurasa wa 10, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa.

Tatu, walimu wetu nao watuandikie katika daftari hilo vitabu walivyovipenda walipokuwa na umri kama wetu. Tungefurahi sana kujua kwamba mwalimu wa fizikia naye aliwahi kukesha na hadithi.

Nne, wazazi wenye riwaya za zamani nyumbani, zilizolala ndani ya masanduku, watuletee kabla mchwa hawajazifikia. Hata kama jalada limetoka, sisi tutalishona. Tumekwisha kuonyeshwa namna.

Mimi mwenyewe nimeanza. Nilikuwa na Kosa la Bwana Msa, nilichopewa na mjomba wangu, nami nilikuwa nikikificha ndani ya sanduku langu la bweni kama dhahabu. Juma lililopita nimekiingiza katika daftari. Jina la kwanza lililoandikwa ni la yule kijana wa kutwa, ambaye sasa yuko Kidato cha Pili. Nimemwambia siku 14 ni za wengine. Yeye asikirudishe mpaka mama yake amalize.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na ayalete katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa moyo mweupe. Na mwenye Duniani Kuna Watu, popote alipo, namsihi akirudishe. Hatutamwuliza neno, ila tutataka kujua ni watu wangapi wamekisoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne